Kijana wangu ana miaka miwili na meno ya mbele yanaoza. Ni maji ya Nakuru ama ni nini?

Habari yako daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa hapa Kiamunyi, Nakuru. Nimekuwa nikisoma vile unajibu wazazi wengine nikaona na mimi niandike, kwa sababu hii kitu inaninyima usingizi na kila mtu ananiambia lake.

Kijana wangu ako na miaka miwili na miezi kadhaa. Meno yake yalitoka vizuri, meupe kabisa, hadi majirani wakawa wanamsifu. Sasa juzi nikiwa namwosha uso nikaona yale manne ya mbele ya juu yamekuwa kahawia karibu na ufizi na moja limemegeka kidogo pembeni. Nikaangalia na tochi ya simu, ni kama limetoboka. Ya chini yako sawa, hakuna hata alama.

Daktari, mimi nimezaliwa Njoro nikakulia huko, na meno yangu ni ya kahawia tangu nianze kujijua, unajua vile sisi watu wa huku tunatambulikana hata kabla hatujasema tunatoka wapi. Nilipelekwa bweni upande wa Kakamega wasichana wakawa wananiita majina, mpaka leo nikicheka mkono unaenda mdomoni wenyewe. Nikaapa watoto wangu hawatapitia hiyo. Kwa hivyo huyu kijana sijawahi kumwekea dawa ya meno, niliambiwa iko na floridi, yale madini yanayotupa hii rangi, na maji yetu iko na floridi, sasa si inakuwa mara mbili? Namsugua na brashi na maji kila asubuhi, siku zingine naongeza chumvi kidogo. Maji ya ploti ni ya kisima kirefu kile cha kuchimbwa na mashine, na ya kunywa huwa nachemsha yote. Nashangaa bado imefika kwa meno.

Kukula anakula vizuri. Si mtoto wa peremende, mimi sinunui peremende kwa nyumba. Ni ugali, mboga, ndizi, uji, biskuti akisumbua watu wakiwa na kazi, na jioni dada wa kazi anamtengenezea chupa ya chai ya maziwa, analala nayo bila shida, na akiamka usiku anaongezewa. Mimi niko na duka mjini nafunga saa mbili usiku, nikifika ashalala.

Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Ahero, akaangalia akasema hayo ni meno ya utoto, yataanguka, nisiharibu pesa, na kama ni mdudu yeye anajua majani ya kuweka. Baba yao anasema yang'olewe tu mara moja ndio mtoto asianze kulia usiku. Kuna kliniki moja nilienda wakaangalia haraka haraka wakaniambia nirudi akianza kuumwa. Sasa nifuate nani? Na msichana wangu wa miaka sita naye ametokwa na jino nyuma kabisa na hajang'oka hata moja, hiyo ni kawaida?

Mama Baraka, Kiamunyi

---

Mama Baraka, asante kwa kuandika kirefu namna hii, kwa sababu jibu umelibeba wewe mwenyewe ndani ya barua, pale kwa ile chupa ya jioni ambayo umeitaja ukapita haraka.

Hayo meno hayajaharibiwa na maji. Rangi ya floridi, hiyo uliyo nayo wewe na mamia ya watu wa Njoro, Rongai, Bahati na Elementaita, huingia kwa jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya taya, kwa hivyo jino linatoka nayo, na huwa inafanana upande wa kushoto na wa kulia. Ya kijana wako yalitoka meupe. Yakabadilika baadaye, yakaanzia kwa ufizi, na moja likamegeka. Huko ni kuoza. Tena umenipa alama nyingine kubwa bila kujua, umesema ya juu yameharibika na ya chini yako safi. Mtoto akinyonya chupa ulimi unafunika yale ya chini, na mate yanayotoka chini ya ulimi yanayaosha, lakini ya juu yanabaki yamelowa kile kiko ndani ya chupa. Daktari wa meno akiona mdomo wa aina hiyo, kitu cha kwanza anauliza ni mtoto analala na nini.

Vile inatendeka ni hivi. Kwa meno ya kila mtu kuna bakteria wanaoishi kwa ule utando laini unaousikia na ulimi asubuhi. Ukikula sukari nao wanakula, wakikula wanatoa asidi, na asidi inavuta madini kutoka kwa jino. Mate ndiyo inakuja kutuliza hiyo asidi na kurudisha madini, lakini inahitaji muda, kama nusu saa hivi ama zaidi, na inahitaji kuachwa ifanye kazi bila kuongezewa sukari nyingine. Usiku ukilala mate yanapungua sana. Sasa mtoto amelala na chai yenye sukari imetulia nyuma ya meno ya juu, hakuna mate ya kuosha, na katikati ya usiku anaongezewa nyingine, hapo jino linakaa ndani ya asidi mpaka asubuhi. Na ndio maana kukosa peremende kwa nyumba hakujamsaidia, ingawa ni jambo zuri na uendelee nalo. Kinachomaliza meno zaidi ni mara ngapi kwa siku sukari inagusa jino, kuliko hata wingi wake. Uji wa sukari, biskuti saa nne, biskuti saa tisa, chai jioni, chai usiku, hesabu mwenyewe uone ni saa ngapi hayo meno yanapumzika.

Kwa hivyo chupa ya usiku iishe, na ianze kuisha leo. Najua vile iko, mtoto atalia, na dada ndiye anabaki na hicho kilio wewe ukiwa bado dukani. Kaa naye chini umweleze kwa upole, mwonyeshe hayo meno na tochi, kwa sababu yeye hakufanya ubaya, alipata kitu kinachotuliza mtoto na hakuna aliyemwambia kinafanya nini. Kuna wazazi wanakata mara moja, wanaweka maji matupu kwa chupa, usiku wa kwanza ni kilio na baada ya siku chache mtoto anazoea. Wengine wanapunguza sukari na kuongeza maji kila jioni mpaka inabaki maji tu. Chagua ile nyumba yenu itaweza, lakini usikae wiki nzima ukipunguza. Maziwa apewe kwa kikombe, bila sukari, pamoja na chakula cha jioni, halafu meno yasuguliwe, na baada ya hapo ni maji peke yake mpaka asubuhi. Kwa umri wake hata mchana anafaa kuwa ameachana na chupa. Na chai ya majani nayo mtolee kabisa, sukari kando, majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa chakula, na pia yenyewe yana floridi ambayo unaikimbia.

(Kwa wamama wanaonyonyesha wanaosoma hapa, msisikie hii mkaachisha mtoto ziwa. Shirika la Afya Duniani linasema kunyonyesha kuendelee mpaka miaka miwili na kupita. Nyinyi kazi yenu ni kusugua meno kabla ya kulala kuanzia lile la kwanza linapotoka, na mtoto akishapita mwaka mmoja asilale usiku kucha na ziwa mdomoni.)

Sasa tuje kwa dawa ya meno, na hapa nakuomba usome polepole kwa sababu ndio mahali wazazi wengi wa Nakuru wanakwama, na hofu yenu nawaelewa kabisa, mtu aliyechekwa utotoni kwa sababu ya meno hawezi kutaka mwanawe achekwe.

Floridi kidogo ikigusa jino kutoka nje inalifanya gumu, na inarudisha madini pale asidi imeanza kutoboa. Floridi nyingi ikimezwa kila siku miaka ile meno ya ukubwani yanatengenezwa ndiyo inaleta ile rangi. Tufanye hesabu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anawekewa dawa ya meno kiasi cha punje moja ya mchele, unapaka tu juu ya brashi. Dawa yenye floridi 1000 ppm, yaani sehemu elfu moja za floridi kwa kila sehemu milioni za dawa, namba hiyo huwa imeandikwa nyuma ya tyubu, punje hiyo moja ina floridi kama miligramu 0.1. Hata akiimeza yote asubuhi na jioni, ni miligramu 0.2. Maji nayo, kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa kila lita, na visima vingi vya hapa kwetu Bonde la Ufa vinapita hapo kwa sababu maji yametoka ndani ya mawe ya volkeno. Tuseme kisima chenu kina miligramu 3, mtoto akinywa lita moja kwa siku, ukihesabu uji na supu ndani, amemeza miligramu 3. Hiyo ni mara kumi na tano ya ile ya brashi. Wewe umefunga dirisha dogo na mlango mkubwa uko wazi, na hilo dirisha ndilo lilikuwa linamkinga asioze.

Basi mrudishie dawa ya meno, yenye floridi isiyopungua 1000 ppm, kiasi cha punje ya mchele mpaka afike miaka mitatu, halafu kiasi cha njegere moja kutoka mitatu hadi sita. Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku ndiyo ya maana kuliko zote, kama kuna siku utachoka sana usikose ya usiku. Wewe hauko saa hizo, kwa hivyo mfundishe dada. Amweke mtoto kichwa kwa mapaja yake aangalie juu, ainue mdomo wa juu na kidole, asugue taratibu mahali jino linakutana na ufizi. Akimaliza mtoto ateme, asisukutue na maji, hiyo dawa inayobaki ndiyo inafanya kazi usiku. Tyubu iwekwe juu, watoto wanaipenda utamu wakaila. Chumvi acha, haikazi jino na inakwaruza ufizi. Na mtoto hawezi kujisugua vizuri peke yake mpaka afike kama miaka saba ama minane, hata huyo msichana wa sita bado anahitaji mkono wako.

Maji ndiyo ubadilishe. Na haraka, kwa sababu meno makubwa ya mbele ya kijana wako yanatengenezwa sasa hivi ndani ya taya, umri huu wake ndio rangi inaingia kwa urahisi zaidi, na mpaka afike miaka minane hivi bado unafaa kuangalia anakunywa nini. Kuchemsha hakutoi floridi mama, maji yakipungua kwa sufuria floridi inabaki ile ile kwa maji machache, yaani inazidi. Klorini haitoi, chujio la kawaida la udongo ama la mchanga halitoi. Kinachosaidia ni maji ya mvua, hayo karibu hayana floridi kabisa, weka tangi hata dogo, mvua ya kwanza iache ioshe mabati, halafu hayo yakae ya kunywa na kupikia watoto tu, ya kisima yafue nguo na yaoge watu. Hayo ya mvua ndiyo uchemshe. Kuna pia chujio za mkaa wa mifupa, Dayosisi Katoliki ya Nakuru imefanya hiyo kazi miaka mingi, mkaa wa mifupa ya ng'ombe unashika floridi, lakini ukishajaa lazima ubadilishwe ama ufanyiwe upya la sivyo ni kama hauna chujio. Na yale maduka ya kuuza maji kwa mitungi, uliza kama mashine yao ni ya kuchuja chumvi yote, hiyo inatoa floridi, lakini zile za kuua vijidudu peke yake hazitoi. Kabla ya yote muulize mwenye ploti ama keateka karatasi ya maabara ya kisima, maji huwa yanapimwa kisima kikichimbwa, na namba ya floridi imeandikwa hapo. Magadi nayo, kama unaweka kwa mboga za kienyeji ama githeri kulainisha, ya watoto pika bila, magadi mengi yana floridi nyingi.

Hii ndiyo sababu pia mama mkwe wako haoni shida ya maji, watu wa Kisumu na Ahero wanaokunywa maji ya Ziwa Victoria wanapata floridi kidogo tu, meno yao yanatoka meupe. Lakini kuoza kuko huko kama huku, chupa ya chai haichagui kaunti.

Kuhusu hayo ambayo tayari yameharibika. Usingoje aumwe. Mtoto wa miaka miwili akianza kulia jino, huwa limeshafika kwa mshipa, na hapo matibabu ni magumu kwake na ghali kwako. Enda kwa daktari wa meno ama afisa wa afya ya meno, hospitali kuu ya kaunti pale mjini ile wengi bado wanaita PGH wako na idara ya meno, na uende asubuhi mtoto akiwa ameamka vizuri na amekula. Ukifika uliza mambo mawili kwa mdomo wako. La kwanza, floridi ya kupaka, ile nzito ya hospitali ambayo inapakwa mara chache kwa mwaka. Ni kidogo sana na inaganda kwa jino, haihesabiki kama ya kunywa. La pili, ile dawa ya matone yenye silva na floridi, inapakwa dakika moja bila kuchoma sindano wala kuchimba, inasimamisha kuoza. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwa orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2021 pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Nikuambie mapema ndio usishtuke, ile sehemu iliyooza inageuka nyeusi tititi na inabaki hivyo. Kwa meno ya mbele wazazi wengine hawapendi, ni uamuzi wako, lakini mtoto analala bila maumivu na wewe umepata muda mpaka afike umri wa kukaa kwa kiti azibwe vizuri. Si kila kituo kiko nayo, wasipokuwa nayo waulize ni wapi iko.

Baba yao mwambie kung'oa ni kwa jino ambalo limeshindikana, lenye usaha ama limebaki mzizi. Haya ukiyang'oa sasa atakaa bila meno ya mbele mpaka miaka saba ama minane, anajifunza kuongea hivyo, anauma chakula hivyo. Kama daktari akisema moja limefika mwisho, ling'olewe hilo moja.

Mama mkwe naye mheshimu, ni kweli yataanguka, hajakudanganya. Lakini ya mbele yanaanguka kuanzia miaka sita, na yale magego ya nyuma ya utoto yanakaa mpaka miaka kumi hadi kumi na miwili, ni muda mrefu wa mtoto kutafuna kwa upande mmoja. Na jino la utoto likiwa na usaha, jino la ukubwani liko hapo chini yake linaweza kutoka na doa ama kasoro. Mdudu hakuna, ni bakteria na sukari. Majani asiweke, wala spiriti, wala karafuu iliyopondwa kwa mtoto mdogo hivi, zinachoma ufizi na ulimi. Akiumwa mpe paracetamol ya watoto kulingana na uzito wake vile imeandikwa kwa chupa, aspirini usimpe kamwe. Mwombe huyo dani, yaani nyanya yao, mwenyewe akusaidie na kitu kimoja, akikuja na zawadi alete ndizi ama njugu za kusagwa badala ya biskuti. Wengi wakiombwa hivyo kwa heshima wanafurahi.

Na uso ukivimba shavu ama chini ya jicho, ama awe na homa na hawezi kumeza, ama ufizi utoe usaha, hiyo si ya kungoja Jumatatu, peleka hospitali usiku huo huo.

Msichana wako yuko kawaida kabisa, na nimefurahi umeliona. Hilo jino la nyuma ni gego la kwanza la ukubwani, linatoka karibu na miaka sita nyuma ya meno yote ya utoto, halingoji lolote ling'oke, ndio maana wazazi wengi wanafikiri ni la utoto wanaliacha lioze, na hilo likienda halirudi tena. Yatakuwa manne, mawili juu mawili chini. Juu yake yana mifereji mirefu ambapo chakula kinajificha na brashi haifiki vizuri, na kwa sababu bado linatoka liko chini kuliko mengine, geuza brashi ulisugue kwa upande kutoka kwa shavu. Siku utampeleka kijana mbebe naye, uulize kama wanaziba hiyo mifereji ya gego jipya na ile dawa ya kufunika, haichimbwi na haiumi, na inafaa ifanywe mara tu jino likishatoka lote juu ya ufizi.